Kopi Mbili za Barabara ya Kabasha

Madame Tamar alisahihisha kopi thelathini za insha bila shida. Ya thelathini na moja ilimfanya aweke chini biki yake nyekundu ya kusahihishia.

Kazi aliyowapa wanafunzi wa mwaka wa pili ilikuwa nyepesi: "Simulia safari usiyoweza kusahau." Alama ishirini. Ilikuwa Juni 2003, na wengi waliandika safari ya aina moja, maana wengi walikuwa wamekimbilia hapa Butembo mwezi wa kwanza, habari zilipofika kwamba vita inakaribia mji wa Beni. Tamar alikuwa amezoea. Alisahihisha Kifaransa chao na kujaribu asiwaze sana juu ya yale mengine.

Lakini kopi hii ya Joyeuse, wa darasa la B, alikuwa ameshaisoma asubuhi, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Alipekua rundo la darasa la A, akaitoa ya Hadjara, binti wa dereva Asumani, aliyeingia shuleni baada ya Pasaka. Akaziweka pamoja. Lori limebeba mbao. Tairi linatoboka Kabasha, njiani kuja Butembo. Watu wanaokimbia kwa miguu wanaanza kupanda, kisha mtu anapiga kelele kwamba askari wanakuja nyuma. Mama mmoja anamwinua mtoto wake mchanga, msichana aliye juu ya mbao anampokea, na lori linaondoka kabla mama hajapanda. Mtoto amevaa soksi moja tu, ya manjano.

Ni ile soksi iliyomkasirisha.

Sheria ya shule ilijulikana: aliyekopia na aliyekopiwa, wote sifuri, na wanaweza kufukuzwa. Akaandika sifuri mbili kwa biki nyekundu, akampelekea Jéthro, prefe, yaani mkuu wa shule. Prefe hakusoma hata mstari.

"Waite wazazi wao Jumatatu," alisema.

Saa ya mapumziko Tamar akawaita wasichana wote wawili katika chumba cha walimu. Walisimama mbalimbali, kama watu wasiojuana.

"Nani alimukopia mwenzake?"

"Mimi hapana, Madame," Hadjara akasema. "Huyu namuonaka tu kwenye robine ya maji. Hata jina yake sijue."

Joyeuse aliinamisha kichwa.

"Basi musikilize," Tamar akasema. Alitaka wasikie aibu. Akaanza na ya Hadjara, akiipeleka kwa Kiswahili: "Lori ilikuwa inanguruma. Yule mama alikimbia nyuma yetu, analia: Beni, Beni. Tukajua ni mtu wa Beni. Baba alirudi kumtafuta huko mara tatu."

Akachukua ya Joyeuse. "Mama alikimbia nyuma ya lori, anaita jina la mtoto ili walio juu walikumbuke: Bénite, Bénite."

Tamar akaziweka kopi mbili kando kwa kando. Akarudia mistari ile miwili kimoyomoyo. Mtu anayekopia hakosei namna hiyo.

Hadjara alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Anaitwa Bénite?"

"Ni dada yangu mudogo," Joyeuse akasema.

"Tulimuachaka kwa bibi ya pasta, kule Bulengera, hapa hapa Butembo. Baba aliporudi, wakamwambia mama mumoja alikuya kumubeba. Hatukujua kama ni mama yake ao mutu mwingine."

"Ni yeye. Tulitembeaka siku mbili mupaka Butembo. Akauliza kanisa moja moja, mupaka akamupata."

"Na mutoto?"

"Iko. Sasa anasimama, anashika ukuta. Jana alimwanga chumvi yote ya mama."

Hadjara akaketi sakafuni, palepale, na sketi yake ya buluu. Alilia bila sauti, kisha akaanza kucheka huku analia. "Baba akipita Kabasha, anapunguzaka mwendo," alisema. "Kila safari. Anaangalia tu pembeni ya njia."

Tamar hakungoja kengele. Alirudi ofisini kwa prefe, na safari hii akamsomea kopi zote mbili mwenyewe, neno kwa neno. Jéthro alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Karibu tuwafukuze," alisema. "Futa hizo sifuri, Madame. Futa vizuri."

Akazifuta. Hadjara alipata kumi na sita. Joyeuse alipata kumi na tatu, kwa sababu alikosea vitenzi karibu vyote, na Tamar hakutaka kumpa mtu alama kwa ajili ya mateso yake. Joyeuse alinung'unika kidogo. Jambo hilo lilimfurahisha mwalimu: mtoto anayegombania alama tatu amesharudi shuleni kwelikweli.

Jumatatu wazazi walikuja, ingawa si kwa adhabu. Mama Hulda, mama yake Joyeuse, alifika na Bénite mgongoni, Asumani na kofia yake mkononi. Walisalimiana mlangoni. Kisha Mama Hulda akamfungua mtoto kitengeni, akampa dereva.

Bénite alimtazama yule mwanaume mwenye ndevu, akakunja uso, akaangua kilio kilichosikika mpaka darasa la mwisho.

"Usikasirike, Baba Hadjara," Mama Hulda akasema, akinyoosha mikono. "Anaogopaka ndevu."

Asumani hakumrudisha. "Muache alie, mama," alisema. "Ile siku, kutoka Kabasha mupaka hapa, hakulia hata mara moja. Ni ile ilinitiaka woga."