Ndege ya Tumpale Hairuki

Anyitike alipofariki, mkewe Tumpale alirithi ndege moja na maradhi yake yote.

Ilikuwa ndege ya injini moja ya turbini, yenye panga boi puani na viti vichache nyuma, iliyozeekea mikononi mwa watu wengine kabla haijawafikia wao. Tumpale alikuwa rubani, Anyitike fundi. Waliilaza kwenye banda la mabati kando ya kiwanja cha nyasi upande wa Chitete, huko bondeni Momba ambako mvua ikikolea barabara hugeuka tope na mito hutenga watu na hospitali. Tumpale aliruka na wagonjwa, chanjo na walimu. Mumewe alibaki chini na spana zake. Ndivyo walivyoishi.

Sasa spana zilining'inia ukutani zikimtazama. Breki ya kushoto ilivuja. Mpira wake uliagizwa ng'ambo, ukaja wa ndege nyingine. Ukarudishwa, ukasubiriwa upya, na ulipofika panya walikuwa wameshatafuna nyaya za taa. Betri nayo iliamka ikiwa imechoka. Kiwanda kilichotengeneza kitasa cha mlango kilifungwa zamani, hivyo mlango ulifungwa kwa ujanja wa Anyitike, ujanja aliokwenda nao kaburini. Tumpale aliubahatisha kwa goti na bega. Binti yao, Ruti, alimpigia simu kutoka Dodoma. "Mama, uza hilo dude urudi Ileje kwa ndugu zako." Tumpale alijibu kwamba atafikiri. Simu ikakatika, akabaki akisikiliza mabati yakilialia kwa jua.

Kilichomtisha zaidi kilikuwa joto. Kila alipowasha injini, mshale wa geji ulipanda kuliko kawaida kabla haujatulia, na angani nguvu zilipungua ingawa mafuta yaliliwa vilevile. Akamwita Mika, fundi aliyewahi kufanya kazi na marehemu. Mika akaja kwa basi hadi Mlowo, kisha kwa bodaboda, mgongoni amebeba kamera yenye shingo nyembamba kama nyoka. Akaiingiza ndani ya tumbo la injini, wakatazama pamoja kwenye kioo.

"Shemeji, unaona hapo?"

"Naona kama unywele."

"Si unywele, ni ufa. Na huu hapa mwingine. Hivi vijembe ndivyo vinavyosukumwa na moto mpaka panga lizunguke. Kimoja kikikatika, kitakata wenzake, na injini itazima hapohapo."

"Nikiruka safari moja tu?"

Mika alifuta mikono yake hata pale ambapo haikuwa na mafuta. "Anyitike angekukatalia."

"Anyitike hayupo. Nakuuliza wewe."

"Basi nakukatalia mimi."

Akaondoka kwenda kutafuta karakana itakayokubali kuipokea injini. Nyuma yake mvua ikaanza.

Asubuhi moja Ngassa alifika kiwanjani akihema. Alikuwa mfugaji Msukuma, mmoja wa waliohamia bondeni na mifugo yao. Ng'ombe wake ndio waliokuwa wakizipunguza nyasi za kiwanja, na ndege ile ndiyo iliyomwahisha mwanawe Sunday hospitali alipoumwa na nyoka, akapona.

"Mama, mke wangu! Uchungu umemshika tangu jana, na sasa anatoka damu. Gari la wagonjwa liko ng'ambo ya mto, haliwezi kuvuka. Washa ndege, mama."

"Baba Sunday, ndege ni mbovu."

"Mbovu vipi? Mbona ilirudi hapa yenyewe?"

"Injini ina nyufa ndani. Ikizima tukiwa juu, nitamuua mkeo, nikuue na wewe."

"Akibaki hapa atakufa vilevile!"

Nyuma ya Ngassa mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa ukisogea, na juu yake amelazwa mkewe, Nyanzobe, kanga imemganda mwilini. Tumpale akapanda ndani ya ndege, akakaa kwenye kiti chake, akaweka kidole kwenye swichi. Safari ya kwenda Mbeya aliijua kama njia ya kisimani. Aliyajua pia yale majabali yanayopanda kutoka bondeni, mahali ambapo injini ikinyamaza hakuna hata kishamba cha kutua. Akageuka kutazama kiti cha pili, kama mtu anayesubiri kuambiwa neno. Kilikuwa kitupu.

Akashuka. "Siruki," alisema.

Ngassa hakupiga kelele. Alimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango wakati wa mvua na jirani aliyemwamini.

"Lakini machela ninayo," Tumpale aliongeza, huku tayari akiifungua kutoka sakafuni mwa ndege. "Tutambeba."

Wakambeba. Mtoni wanaume walifunga kamba kutoka mti hadi mti, wakaingia maji ya kifuani, machela ikiwa juu ya vichwa. Tumpale alishika pembe moja mpaka ng'ambo. Nyanzobe akaingizwa garini, Ngassa akaingia naye, mlango ukafungwa, gari likaondoka likiserereka. Hakuna aliyemkumbuka Tumpale. Alivuka kurudi akishikilia kamba, akaenda nyumbani akiwa amelowa chapachapa.

Nyanzobe alipona. Mtoto, wa kike, alifia njiani.

Hakuna aliyemlaumu Tumpale mbele yake. Ila ng'ombe wa Ngassa hawakuja tena, nyasi za kiwanja zikafika magotini, na sokoni Chitete watu walimsalimia vizuri kisha wakawa na haraka.

Kiangazi Mika alirudi na wenzake, wakaitoa injini. Pua ilipopungua uzito, ndege ikataka kukalia mkia, wakauegemeza kwa gogo. Injini ikapakiwa kwenye lori hadi Tunduma, ikavuka mpaka kuelekea kusini. Baadaye Mika akapiga simu.

"Shemeji, wameifungua. Vijembe viwili vilikuwa vimebaki kushikiliwa na uzi."

"Siku ile ingefika?"

"Hakuna fundi atakayekwambia. Ingeweza kufika. Ingeweza pia isivuke ile miti ya mwisho wa kiwanja."

Tumpale alishukuru. Alikuwa ametamani jibu moja, lolote, hata lile baya, ili aweze kulala nalo. Hakuwa na mtu wa kumweleza hilo.

Nyanzobe alimjia peke yake, jioni, akakaa chini ya bawa bila kukaribishwa.

"Ulipokaa kule ndani," Nyanzobe aliuliza, "nilikuwa nakuona. Uliogopa?"

"Niliogopa sana, mama Sunday."

"Na mimi niliogopa. Nilikuwa naomba usiwashe, halafu naomba uwashe." Akavuta nyasi, akazikunja vidoleni. "Baba Sunday bado hataki kulitaja jina lako. Mpe muda."

"Na wewe?"

"Mimi nimekuja, si unaona?"

Hakukaa sana, alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Tumpale alimsindikiza mpaka mwisho wa kiwanja, akasimama hapo mpaka kanga ya mwenzake ilipomezwa na nyasi. Kisha akarudi bandani, akatoa jeki, akaanza kulifungua gurudumu la kushoto. Breki ilikuwa inavuja tena.