Somo la Bwana Wandera

Saa nne na robo asubuhi, Jumamosi moja ya Agosti 1988, mwanamume aliyekuwa akichagua misumari katika soko la Nakawa aliegemeza baiskeli yake ukutani, akapanda nyuma ya pikapu isiyokuwa yake, akaketi sakafuni na kuweka mikono kichwani. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemwita kwa jina.

Aliyekuwa amesema ni Khaemba, na alikuwa akisema na mkewe.

Khaemba na Nanyama walikuwa marafiki tangu chuo kikuu, Nairobi. Sasa Khaemba alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Bungoma, tumbo la kutosha, na pikapu yenye turubai la kijani. Yeye na mkewe, Vera, walikuwa wamevuka mpaka jana yake na kufikia kwa Nanyama ili awatembeze mjini. Lilikuwapo pia shauri zito zaidi: Khaemba alitaka kufungua tawi la duka lake Kampala, na Nanyama awe mshirika na msimamizi. Nanyama alikuwa mkaguzi wa hasara wa kampuni ya bima; kwa miaka miwili alikuwa akitazama viwanda vilivyoungua na kuripoti kilichobaki. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Bila tawi hilo angerudi Nairobi, kwenye meza yake ya zamani na chumba cha nyuma katika nyumba ya kaka yake. Alitaka kubaki. Alikuwa amejifunza Kiganda, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili Kisugu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na mtu wa kumwuliza alikuwa wapi.

Asubuhi ile wanawake hao wawili walikuwa wamekawia kwenye vikapu. Khaemba alisimama kando ya pikapu katika suti yake ya kaki na miwani nyeusi, akapiga ubavu wa gari kwa kiganja na kunguruma:

"Haya, haya! Panda gari! Panda gari, twende!"

Vera hakugeuka hata shingo. Alikuwa ameizoea sauti hiyo. Vijana wawili waliruka ukuta. Muuza maharagwe alilala kifudifudi nyuma ya magunia yake. Mwenye baiskeli akapanda.

Nanyama aliyajua maneno hayo, kama alivyoyajua kila mtu aliyekaa Kampala zaidi ya mwezi. Miaka michache nyuma, askari walikuwa wakizingira mtaa alfajiri na kuwaamuru watu kwa maneno hayo mawili. Malori yaliondoka yamejaa. Baadhi ya waliopanda hawakuonekana tena. Alisogea hadi nyuma ya pikapu, akamwambia yule mtu kwa Kiganda kwamba hili lilikuwa kosa, kwamba ashuke, mzee wangu, ashuke. Mtu hakumtazama. Alipomgusa mkono wa shati, alisogea ndani zaidi, kama anayewapisha wengine.

Aliyemshusha ni mwanamke aliyekuwa akiuza siagi ya simsim katika safu ya pili. Jina lake lilikuwa Aber, mke wa polisi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini.

"Mzee, shuka," alisema, taratibu. "Hii gari si ya serikali. Ni ya watu ya Kenya, nakuja kununua vitu tu. Shuka, baiskeli yako iko."

Mtu alitoa mikono kichwani, akashuka. Alichukua baiskeli. Misumari aliyokuwa ameilipia aliiacha. Aber akamgeukia Khaemba.

"Na wewe, mudomo yako nanuka vita."

"Mama, nilikuwa namwita mke wangu!"

"Basi mwite na jina. Hana jina?"

Khaemba aliomba radhi. Hilo Nanyama alilisikia kwa masikio yake, na baadaye alijitahidi kulikumbuka kwa haki. Aliomba radhi mara mbili, akanunua kopo la simsim ambalo hakulihitaji, akaendesha gari kimya hadi barabara ya Jinja. Hapo mabega yake yakaanza kutikisika.

"Amepanda," alisema. "Mmemwona? Amepanda kama mtoto wa darasa la kwanza!"

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Vera alisema.

"Ung'ongo wenyewe ndio mimi!" Khaemba akacheka hadi akapunguza mwendo.

Kicheko cha hofu kinajulikana. Nanyama alikuwa amekisikia kwa watu waliosimama mbele ya majivu ya maghala yao. Alidhani hiki ni cha aina hiyo, akangoja kiishe.

Hakikuisha. Kwenye kituo cha petroli palikuwa na foleni ya magari hadi kwenye kona. Khaemba alishusha kioo, akavaa miwani, akatoa kichwa. Safari hii hakuwa akisema na mkewe.

"Nyinyi! Ondoa gari! Mnangoja nini? Ondoa!"

Magari matatu ya mbele yaliondoka kwa pupa, moja likipanda ukingo wa njia. La nne likarudi nyuma. Khaemba aliingia hadi kwenye pampu, na mhudumu akaja mbio kabla hajaitwa. Nanyama alikuwa ameketi katikati, kati ya mume na mke, mikono mapajani. Alisikia petroli ikimiminika ndani ya tangi. Walikuwa wameokoa karibu saa nzima, na sehemu fulani ya akili yake, ile iliyozoea kukadiria, iliisajili saa hiyo kama faida.

"Usifanye tena," alisema walipotoka.

"Kufanya nini? Nimesema 'ondoa gari'. Ni Kiswahili sanifu au si sanifu, Bibi Bima?"

Nanyama aliwaonyesha mji kama alivyokuwa amepanga. Aliwapitisha chini ya kilima cha Mulago, akawaonyesha majengo yenye matundu ya risasi na mengine yaliyokwisha kupakwa chokaa. Vera aliuliza maswali mazuri na Nanyama akayajibu kwa miaka na majina. Khaemba aliwatazama watu. Kila walipopunguza mwendo alikuwa akiwapima wapita njia mmoja mmoja, kama mtu sokoni anayebonyeza maembe kujua lipi limeiva.

Wandegeya walikula nyama choma na ndizi chini ya kibanda cha mabati. Kaloli, wale ndege warefu wenye vipara na mfuko wa ngozi shingoni, walikuwa wamesimama juu ya jalala ng'ambo ya mtaro, wakimeza matumbo ya mbuzi bila kuyatafuna. Khaemba alikula kwa furaha. Mafuta yalimtiririka hadi kidevuni, na alizungumza huku nyama ikionekana ulimini.

"Nimekuwa nikiwaza," alisema. "Kule Bungoma mteja anabishana na wewe juu ya msumari mmoja hadi jua linatua. Hapa watu wana nidhamu. Ukiwa na sauti, umeuza. Wapakizi hawatagoma. Jirani hatakuletea kesi ya mpaka. Nanyama, mji huu umekwisha kulimwa. Sisi ni kupanda tu."

"Baba Naliaka," Vera alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "hebu futa kidevu."

Akafuta. Msichana aliyekuwa akipita na sinia la chapati alikuwa karibu. Khaemba akamkazia macho, akapaza sauti: "Wewe! Simama hapo!" Msichana akasimama. Sinia lilianza kutetemeka, chapati ya juu ikateleza, ikaanguka katika vumbi. "Ni hivyo tu," Khaemba alimwambia mkewe, kwa sauti yake ya kawaida. Akampungia msichana mkono aende zake. Kaloli mmoja alivuka mtaro kwa hatua za taratibu, akaichukua chapati.

Nanyama alikisukuma chakula chake mbali. Alijaribu kumwona Khaemba wa chuo, kijana aliyekuwa akimwazima vitabu na kumsindikiza hosteli jioni, akashindwa. Badala yake aliona kidevu.

Hata hivyo saa tisa walikuwa mahali pa miadi, katika eneo la viwanda la Nakawa. Ghala lilikuwa la Bwana Wandera, Msamia wa upande wa Uganda, mtu mwembamba mwenye mvi na kardigani iliyofungwa vifungo vyote. Nanyama ndiye aliyempata, naye ndiye aliyemsihi kwa wiki nyingi akubali kupangisha. Alijua Wandera amestaafu utumishi wa serikali. Idara gani, hakuwa amewahi kusema, na Nanyama hakuwa amewahi kuuliza.

Khaemba alimpenda papo hapo. Waligundua wana wakwe kijiji kimoja upande wa Kenya, wakaitana ndugu. Wakiwa bado nje, wamesimama nyuma ya pikapu, Khaemba akamsimulia kisa cha asubuhi. Alikisimulia vizuri, aliigiza sauti, akaigiza mikono kichwani. Nanyama alimtazama Wandera, akingoja uso ule ukunjamane. Alitaka mzee mmoja wa mji huu amwambie Khaemba alichoshindwa kumwambia yeye.

Wandera alisikiliza hadi mwisho.

"Unakosea sauti," alisema.

"Vipi, ndugu yangu?"

"Unapiga kelele. Ukipiga kelele, wenye mbio wanakimbia, unabaki na wazee. Wazee wa nini?" Alizungumza kama fundi anayemrekebisha mwanagenzi. "Sema chini. Sema kama unayekaribisha mtu chai. Tena usimtazame machoni. Tazama gari. Naye atatazama unakotazama."

Khaemba alivua miwani. "Rudia hapo pa gari."

"Tazama." Wandera aligeuka nusu upande, akayaelekeza macho yake kwenye sehemu ya nyuma ya pikapu. Uso wake haukubadilika. "Dada," alisema, kwa upole, "panda gari."

Nanyama aliona mguu wake wa kulia uko juu ya bampa. Mkono wake ulikuwa umeshika ubao wa nyuma. Hakukumbuka kuuinua mguu wala kunyoosha mkono.

"Umeona?" Wandera alimwambia Khaemba.

Khaemba alicheka hadi akaegemea gari. "Huyu mzee ni fundi! Vera, umemwona Bibi Bima?"

Nanyama aliteremsha mguu. Alikwenda nyuma ya ukuta, akatapika nyama na maji, akangoja, akatapika tena maji matupu. Alijifuta kwa leso, akaitupa leso palepale. Aliporudi, wanaume walikuwa wakiongea juu ya kodi.

"Khaemba," alisema, "tafuta msimamizi mwingine."

"Nini tena? Kwa sababu ya mzaha? Na miaka yote tuliyojuana, Nanyama!"

"Asubuhi ulikuwa mzaha. Sasa umejifunza kazi."

"Na Desemba? Utaishi kwa kula nini, kwa kula maneno?"

"Nitarudi Nairobi."

"Kwa kaka yako."

"Kwa kaka yangu. Mabegi yenu mtayakuta barazani."

"Shoga yangu," Vera alisema na kumshika kiwiko, "tuyamalize nyumbani, tafadhali." Nanyama aliutoa mkono wa Vera, si kwa hasira, akatazama kidogo uso wake, lakini uso huo haukumwambia kama angekuja au angebaki.

Alitembea kuelekea barabarani. Nyuma yake alimsikia Wandera akisema kwamba mlango wa ghala ulikuwa umekwama tangu vita, kwamba unahitaji watu wawili. Penye kona aligeuka mara moja. Vera alikuwa ameingia garini na kupandisha kioo. Khaemba alikuwa amevua koti lake la kaki na kulitundika kwenye kioo cha pembeni. Wanaume wale wawili waliinama, mmoja huku, mwingine kule, wakaingiza vidole chini ya mlango wa chuma, Wandera akahesabu, wakauinua. Ulilia kwa kutu, ukafunguka.