Kasoro za Kanisa la Katerina

Nisiwadanganye, mimi nilikwenda kutafuta kasoro. Kanisa la Mtakatifu Katerina liko hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu, na kwa miaka sitini na tisa sikuwahi kulikanyaga. Sisi ni watu wa Mtakatifu Nikola, kanisa la pili la mji huu huu. Bendi yetu na yao hazipiti mtaa mmoja, na kila sikukuu tunashindana kwa fataki mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka.

Aliyenilisha chuki hiyo ni marehemu baba yangu, Wistin, seremala wa melini. Akilikaribia kanisa lao alivuka barabara. "Ursola," aliniambia, "siku utakayoingia mle, usiniite baba." Nikamwapia, naye akafa na kiapo changu.

Sasa binti yangu Graziella, kati ya wanaume wote wa Malta hii, kampenda mtu wa Katerina. Ndoa kesho, mle mle. Asubuhi aliniambia, "Mama, usipokuja sitakugombeza. Lakini nitageuka kukutafuta, na kiti chako kitakuwa kitupu." Yakanichoma. Nikasema nitakwenda nichungulie, nione ubaya wake, nirudi na sababu ya kutokwenda.

Nikazungukia mlango wa nyuma mchana, watu wakiwa mezani. Akanifungulia Rokku, mtunza sakristia, adui yangu tangu shule.

"Ehee! Leo jua limechomoza magharibi!"

"Koma, Rokku. Nimekuja kutazama pa kuweka maua."

"Maua yenyewe yako wapi? Haya, pita, mama. Usiteleze tu, sakafu yetu haijazoea viatu vya Nikola."

Nikapita. Jamani!

Sakafu nzima ni makaburi ya marumaru ya rangi, mafuvu na mabawa na nanga, yanang'aa hadi nikaona haya kuyakanyaga. Nguzo zimevishwa hariri nyekundu toka juu hadi chini. Na yale mawe yetu ya manjano, tunayojengea hata mabanda ya kuku, mle yamechongwa yakawa mapazia, mizabibu, malaika wanaopuliza tarumbeta mashavu yamevimba. Nikainua macho kwenye kuba. Jua la saa saba lilikuwa likimwagika juu ya dhahabu, na mbingu iliyochorwa ikafunguka, watakatifu makundi kwa makundi wakipanda, wakipanda, mpaka shingo ikaniuma na nisitake kuishusha. Nilitafuta ufa. Nilitafuta hata utando wa buibui. Nikakaa kwenye benchi. Nilijiona mdogo sana, na nikaona raha kuwa mdogo.

"Kasoro umeiona?" Rokku akauliza.

"Vumbi," nikasema.

"Wapi?"

"Subiri, nitaliona tu."

Nikainuka nimkimbie, nikajikuta mbele ya ukuta wa picha za nadhiri, zile wanazotundika watu waliookoka baharini. Fremu moja ilinisimamisha. Ilichongwa samaki, kila mmoja kamng'ata mwenzake mkia. Samaki hao nawajua. Walikuwa kwenye kitanda changu cha utotoni, nikilala nawapapasa.

Ndani ya picha, meli imelala ubavu kwenye wimbi jeusi, na Katerina mawinguni kanyosha mkono. Chini imeandikwa: *Wistin, seremala. Nilimwita akaniitikia. 25 Novemba 1958.*

"Rokku, hii nini?"

Utani ukamwisha. "Nilidhani alikwambia kabla hajafa. Alikuja kila mwaka tarehe hiyo, alfajiri, kwa mlango huu huu wa nyuma. Alimwapisha baba yangu, aliyetunza hapa kabla yangu, asiseme, na baba akaniapisha mimi."

Kumbe! Kila mwaka, siku ya sikukuu yao, baba alitoka mapema kununua mkate akarudi mikono mitupu. "Umekwisha," alisema, na mama akamwita mvivu.

"Mzee mnafiki weye!" nikaifokea picha, nikacheka. Mfa maji hukamata maji. Halafu nikalia, nikalia kweli, maana aliujua uzuri wote huu, na hakuweza hata kumwambia mwanawe twende ukaone.

Rokku akanipa leso yake. Nikapenga makamasi humo, makusudi.

"Mlango mkubwa mnafungua saa ngapi kesho?"

"Saa nne. Kwa nini?"

"Baba kapitia nyuma miaka yote. Kesho tunaingilia mbele, mimi na yeye."