Mzee wa Spika

Wapenzi wa roki mjini pale walikuwa wachache, wakijuana kwa sura hata wasipojuana kwa majina, na miongoni mwao hakuna aliyejulikana kuliko dada mmoja waliyembandika jina la Masikio. Jina lilimganda kwa sababu uzi wa gitaa ukilegea kidogo tu jukwaani, yeye alikunja uso kabla hata mpigaji hajagundua. Kazi yake ilikuwa kusaga vioo vya miwani. Kutwa alikuwa chumba cha nyuma cha duka, akizungusha kioo kwenye mashine mpaka kiingie kwenye fremu bila kulazimishwa, sikio moja likiwa na muziki na la pili likimsikiliza mwenye duka.

Mwaka ule, kwa upande wa muziki, ulimwendea vizuri kuliko yote. Kwanza ilitoka albamu ya mwanamke mmoja aliyejirekodi mwenyewe bafuni kwake, sauti na gitaa basi, na ukitega vizuri unasikia bomba likidondoka. Masikio alikaa nayo siku nyingi bila kugusa kitu kingine. Kisha wakaja vijana waliopiga magitaa kana kwamba wanagombana kwenye ngazi. Hao aliwakataa mwanzoni, akawarudia, akawakubali, na baada ya hapo akawa anawatetea mbele za watu kama ndugu zake wa tumbo moja. Lakini albamu iliyomshika hasa ilikuwa ya Kutu. Kutu walikuwa watu watatu wa mji uleule: mwimbaji mwenye gitaa, mpiga dramu, na dada mmoja mrefu, mkimya, aliyepiga besi huku amefumba macho. Masikio aliwaambia wenzake kwamba besi ya yule dada ndiyo iliyobeba nyumba nzima. Wengine walikuwa wanapaka rangi tu.

Nyumbani aliishi na baba yake. Mzee alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na maisha ya nyundo na mashine za kukatia yalikuwa yamemla masikio. Mke wake alipofariki, akili nayo ikaanza kumponyoka kidogo kidogo. Alisahau kama amekula. Alimwita binti yake kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani. Redio hakuisikia, runinga ilimkasirisha kwa sababu aliona midomo inatembea na hakuambulia neno. Binti akiwa kazini, mama wa nyumba ya pili alikuwa akija kukaa naye, na jioni Masikio aliporudi alimkuta baba ameketi ukingoni mwa kitanda na koti lake la kazi, akisubiri kupelekwa karakana iliyofungwa zamani.

Siku moja mama wa jirani aliugua, na siku hiyohiyo kulikuwa na onyesho la wale vijana wa magitaa. Masikio alifikiria kubaki. Mwishowe akaona liwalo na liwe, akamshika baba mkono, akaenda naye.

Alimsimamisha kando, upande wa kushoto, karibu na spika kubwa, mahali pasipo na msukumano. Nyimbo zilipoanza alimtazama kwa wasiwasi. Mzee alikuwa ametoa macho. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye ubavu wa spika, akakiacha pale. Halafu akacheka. Binti hakukumbuka lini alimwona baba yake akicheka vile, mabega yakimpanda na kushuka.

"Leo wamewasha mashine zote," mzee akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya mashine.

Jioni ile alirudi nyumbani akaomba chakula mwenyewe, akala, akalala kama mtoto. Tangu hapo Masikio hakumwacha tena. Walizunguka pamoja kwenye kumbi ndogo za mji, kwenye ghala, kwenye ukumbi wa chuo, hata kwenye uwanja wa gereji moja ambako bendi ilipiga juu ya tela la lori. Watu wakamzoea, wakampa jina: Mzee wa Spika. Walimpisha njia, walimwekea kiti ambacho hakukikalia, wakapokezana kumshika mzee mkono Masikio alipokwenda chooni. Wapo waliosema onyesho lisilo na mzee yule halijakamilika. Masikio aliyasikia maneno hayo na roho yake ikatulia, kwa kuwa alikuwa amechoka kuwa peke yake na ulezi wa mzee.

Kaka yake mkubwa hakuipenda mizunguko hiyo. Alikuwa naibu mkuu wa shule upande wa pili wa mji, mtu wa shati lililonyooka na maneno ya kupimwa. Alipiga simu kila alipokumbuka, akauliza hali ya mzee, na kila mara akamalizia kwa kusema baba anahitaji utulivu. Dada mtu alimjibu kwamba utulivu anao nyumbani tele, na ndio unaommaliza. Hawakugombana. Kila mmoja alikata simu akiamini mwenzake haelewi.

Kutu walipotangaza kwamba wataizindua albamu yao Jumapili alasiri, katika jengo lililokuwa duka la samani, Masikio alihesabu siku kama bibi harusi. Walifika mapema. Baba alikuwa mchangamfu kupita kawaida, akiuliza uliza vyuma viko wapi na nani ameleta mitungi ya gesi. Binti akamwinamia sikioni, akamjibu kwamba kila kitu kipo. Alikuwa amejifunza kutobishana naye.

Walipiga vizuri. Hata waliokuja baadaye kulaani siku ile hawakuwahi kusema vinginevyo. Kisha ukaja wimbo wa mwisho wa albamu, ule unaoanza na besi peke yake, mfululizo mrefu mzito ambao Masikio aliusikiliza kazini mpaka vidole vyake viliufuata kwenye vioo bila yeye kujua. Watu wakasogea mbele. Naye akasogea. Alikuwa ameshika mkono wa koti la baba, na mahali fulani katikati ya wimbo ule mkono wake haukuwa umeshika kitu tena. Hakutambua. Alikuwa amefumba macho kama yule dada jukwaani.

Kilichomfumbua macho ni vicheko. Mzee alikuwa juu ya jukwaa. Alikuwa ameona spika ikitetemeka juu ya stendi yake, na kwake yeye ile haikuwa spika. Ilikuwa mashine inayotaka kuanguka mtu akiwa chini yake.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima mashine! Kuna mtu hapo!"

Watu wakashangilia. Simu zikainuliwa. Mmoja akaanza kuliimba neno lile, "zima, zima," na wengine wakamfuata. Mzee akakamata waya kwa mikono yote miwili, akavuta kwa nguvu ambazo hakuna aliyedhani bado anazo. Stendi ikainama. Mpiga besi alifumbua macho, akanyoosha mkono wa kushoto kuizuia, na spika ikamwangukia, ikaubana mkono ule kwenye ukingo wa jukwaa.

Vicheko viliendelea kidogo, maana waliokuwa nyuma hawakuona. Kisha ukumbi mzima ukanyamaza.

Masikio alipopanda, baba yake alikuwa amesimama na waya mkononi, akiwauliza waliomzunguka nani msimamizi wa zamu. Dada wa besi alikuwa amekaa chini, ameushika mkono wake kama mtu aliyeshika kitu cha mwenziwe. Vidole viwili vilikuwa vimetazama upande usio wao. Masikio alifungua mdomo aombe radhi.

"Mtoe tu, dada," yule akasema bila kumtazama. "Nakuomba, mtoe."

Picha za video zilisambaa kabla hawajafika nyumbani. Mtu alikuwa amezikata pale mzee anapopiga kelele, akaiondoa sehemu ya mkono kubanwa, akaweka maneno ya mzaha. Kufikia asubuhi wanafunzi wa kaka walikuwa nazo, na walishajua yule ni baba wa mwalimu wao. Alipoingia darasani, mmoja wa viti vya nyuma alisema "zima" kwa sauti ya chini, na darasa likaangua kicheko. Hakumaliza kipindi. Alikuja nyumbani moja kwa moja, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Ulikuwa wapi?" alimuuliza dada yake.

"Mbele."

"Mbele wapi?"

"Nilikuwa nasikiliza, kaka."

Pengine kaka angemfokea ingekuwa nafuu. Akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo za baba yao, akizipanga begini moja moja, na Masikio hakumzuia. Mzee alifuata begi lake hadi garini bila ubishi. Alidhani anapelekwa kazini.

Nyumba ya kaka ilikuwa na zulia kila chumba na mapazia mazito. Wifi yake alikuwa mwanamke mwema. Alimwosha mzee, alimkata kucha, alimpondea chakula. Hakuna aliyemtendea vibaya. Lakini kila Masikio alipokwenda kumwona alimkuta amekaa palepale dirishani, kiganja kikipapasa ubao wa meza, kikitulia, kikipapasa tena. Hakuuliza tena mitungi ya gesi. Baadaye hakuuliza kitu.

Siku moja alikuja na spika ndogo mkobani. Walipobaki wawili aliiegemeza mgongoni mwa baba na kuwasha albamu ya Kutu, akiongeza sauti polepole. Mzee alinyanyua kichwa. Mdomo wake ukaanza kutafuta umbo fulani, na binti akainama amsikie. Mlango ukafunguliwa. Alikuwa kaka, na nyuma yake wifi ameshika taulo. Kaka hakupandisha sauti. Alisema watoto wanajisomea, majirani wapo, na muziki ule hautaingia tena nyumbani kwake baada ya yote yaliyotokea. Wifi alitazama chini. Masikio aliizima spika, akairudisha mkobani, na kile ambacho baba alitaka kusema hakukisikia siku ile wala siku nyingine.

Huku nje nako milango ilikuwa ikifungwa. Kutu walifuta maonyesho yote yaliyobaki. Vidole vya yule dada viliunganishwa lakini havikukunjika tena sawasawa, na kabla ya mwaka kwisha bendi ikatangaza kwamba imefika mwisho. Wenzake Masikio hawakumtukana. Waliacha tu kumwambia nani anapiga wapi. Mwisho wa mwaka, walipokutana kama kawaida yao kubishana ni albamu ipi iliyozishinda nyingine, hawakumwita. Alisikia baadaye kwamba waliichagua ya Kutu, tena bila ubishi.

Mzee aliacha kula. Wifi alijaribu uji, alijaribu supu, alijaribu kumbembeleza kwa jina la marehemu mke wake. Kifua kikamshika, akalazwa, na akafia wodini mchana mmoja, kimya kimya, wauguzi wakiwa wanabadilisha shuka za kitanda cha pili.

Baada ya mazishi, ndugu hao wawili walibaki peke yao katika chumba cha mzee, nyumbani kwa kaka. Waliyakung'uta matandiko. Waliliinua godoro. Kaka alikuwa amevua tai, na bila tai alionekana mdogo. Akakaa juu ya kitanda kitupu.

"Huko ulikokuwa ukimpeleka," akasema, "alikuwa akifanya nini hasa?"

"Alikuwa anashika spika. Anacheka."

"Anacheka?"

"Sana."

Kaka alikunjua mfuko wa mto, akaukunja tena. Alieleza, kwa shida, kwamba alimwona mzee ametulia dirishani na kila siku akamshukuru Mungu kwamba sasa anapumzika. Wifi alikuwa amemwambia mara mbili tatu kuwa huko si kupumzika. Yeye akamjibu aache woga.

"Hapa hakucheka hata siku moja," akasema. "Sikuwa najua kwamba bado anaweza."

Masikio aliketi kando yake, mabega yakagusana, wakakaa vile mpaka wifi alipowaita kula.

Juma lililofuata Masikio alipanda ghorofani kwa dada wa besi. Hakuwa amewahi kufika pale. Aliulizia njia kwa fundi wa viatu chini ya jengo. Yule dada alifungua mlango, akamtambua, na kwa muda ilikuwa kama ataufunga. Halafu akamkaribisha ndani. Chumba kilikuwa nadhifu mno. Hakukuwa na ala yoyote ndani yake.

Masikio alisema kilichomleta: mzee ameshafariki, na yeye Masikio ameona si haki mwenyeji wake asikie kwa watu.

"Pole," yule dada akasema. "Alijua alichonifanyia?"

"Hapana. Hakujua."

"Afadhali." Alikuwa akiukanda mkono wake wa kushoto kwa kidole gumba cha kulia, kwa mazoea. "Mwenyewe sina kinyongo naye. Kila nikikumbuka, nakumbuka alikuwa anapiga kelele kwamba kuna mtu hapo. Lakini wewe, dada yangu, siwezi kukwambia yamekwisha. Wewe ulikuwa na macho."

Masikio alisema anaelewa. Alitaka kumwambia juu ya wimbo ule wa mwisho, jinsi ulivyompeleka mbali siku ile, kisha akaona kwamba hilo ndilo neno ambalo yule dada hakupaswa kulisikia kamwe. Akalimeza. Akanyanyuka, akashukuru kwa kukaribishwa. Mwenyeji wake alimsindikiza hadi kwenye ngazi, akamwonyesha wapi kuna kidato kilichovunjika asije akajikwaa, akarudi ndani.