Maswali Matatu ya Mwinjilisti Abel

Mwalimu Nelly alifundisha Agano la Kale katika chuo kidogo cha Biblia pale Shinyanga mjini, na Jumanne asubuhi kazi yake ilikuwa kukagua majibu ya mashine. Chuo kilikuwa na wainjilisti arobaini waliosoma wakiwa vijijini kwao, wakija darasani kwa wiki chache tu. Walikuwa wakiuliza maswali kwa simu, akili mnemba inawajibu, na Nelly anapitia majibu hayo kutafuta makosa. Majina hakuyaona, aliona namba tu. Hiyo ilikuwa ahadi ya mkuu wa chuo, Mchungaji Theonest: ulizeni lolote, hakuna atakayejua ni nani kauliza.

Saa tano alifika kwa mwanafunzi namba thelathini na moja. Maswali yake yalikuwa ya asubuhi ile ile.

La kwanza: Torati inasema nini juu ya mwanamke mchawi? Mashine ilimpa aya isemayo usimwache kuishi, ikamfafanulia neno la Kiebrania, ikamweleza na desturi za mataifa ya kale. Hapakuwa na kosa.

La pili: Je, amri hiyo ingali inatufunga sisi? Mashine ilijibu kwamba wanazuoni wanatofautiana, ikapanga maoni yao kwa utaratibu, wa huku na wa kule.

La tatu lilikuwa refu, limeandikwa bila nukta. Kwenye mji wa ukoo wetu kuna mama mzee macho yake mekundu watoto wawili wamekufa tangu Julai mganga amemtaja wazee wanakaa leo alasiri wameniambia nije na neno la kitabu mwinjilisti aseme nini.

Mashine ilimpa pole. Ikamshauri aombe hekima na ashirikiane na viongozi wa jamii. Kisha ikauliza: ungependa nikuandalie mahubiri mafupi juu ya mada hii?

Namba thelathini na moja alijibu neno moja. Ndiyo.

Mahubiri yalikuwa yameandikwa. Kichwa chake kilikuwa "Kuitakasa Nyumba", na hoja ya kwanza ilisema dhambi iliyofichwa katika jamaa huleta mauti kwa wasio na hatia.

Nelly aliinuka na kwenda ofisi ya pili bila kubisha hodi.

"Baba Mchungaji, thelathini na moja ni nani?"

"Mwalimu, tulikubaliana."

"Soma kwanza."

Mchungaji Theonest alivaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mbili, asiyependa kuharakishwa. "Tuliwaahidi," alisema taratibu. "Wakijua tunafungua siri zao, hawatauliza tena jambo la moyoni. Na huenda huyu anaulizia tu."

"Ameandika alasiri ya leo. Kuna mwanamke amekaa mahali sasa hivi na hajui kama ataiona kesho."

Mzee alimtazama kidogo, kisha akavuta droo na kutoa daftari. Kidole kilishuka kwenye orodha, kikasimama. "Abel. Yule wa kijiji cha mbele ya Samuye."

Nelly alimkumbuka. Mkulima wa pamba, mpole, huketi nyuma darasani, huandika kila kitu. Mwezi wa nane alikosa masomo ya wiki mbili kwa sababu alikuwa amefiwa na binti yake wa miaka minne.

Walipiga simu ya Abel. Haikupatikana. Walimpigia mtendaji wa kata. Alisema yuko mbali kikazi, atatuma mgambo. Gari la chuo lilikuwa Masumbwe tangu juzi. Mchungaji akachukua kofia yake ya pikipiki ukutani. "Panda nyuma," akasema.

Lami iliisha mapema. Njia ya vumbi ilikuwa na mchanga uliowayumbisha, na mara mbili pikipiki ilitaka kuwaangusha. Nelly alihesabu saa: nane na robo, nane na nusu, nane na dakika hamsini. Mabega ya Mchungaji yalikuwa magumu kama ubao.

Mji wenyewe ulizungushiwa uzio wa minyaa. Wanaume kama ishirini walikuwa wameketi karibu na zizi la ng'ombe. Upande wa pili, mlangoni pa nyumba ya nyasi, aliketi mwanamke mzee, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani. Nyuma yake moshi wa jiko la samadi ulikuwa ukitoka polepole, moshi ule ule uliomchoma macho miaka yote aliyopika. Pembeni yake walisimama vijana wawili ambao hawakuwa wa pale, na mmoja ameshika gunia lililofungwa kamba, mpini wa panga umechomoza.

Abel alikuwa amesimama katikati, simu mkononi. Alikuwa akisoma.

"...huleta mauti kwa wasio na hatia," alisoma, akawaona, akanyamaza.

"Mwadila," Nelly aliwasalimu kwa Kisukuma. Alimwendea mzee aliyekaa kwenye kigoda cha mbele, akapiga goti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Huyo alikuwa Mzee Bujiku, baba mkubwa wa Abel na mkubwa wa ukoo. "Mmekuja kwenye shughuli ya watu bila kuitwa."

"Tumekuja kwa mwanafunzi wetu."

Mwanamume mmoja alisimama. Alifanana na Abel, ila buti zake zilikuwa na udongo mwekundu. Alikuwa Marcel, mdogo wake, mchimbaji huko Geita. "Mwache amalize, Mwalimu. Mwanangu alikufa akiwa na miezi mitano. Duara langu la kuchimbia dhahabu mwaka mzima halijatoa hata punje. Nimekwenda kwa mganga, na mganga amemtaja huyu, mke mdogo wa marehemu baba. Hakuzaa, sasa anatumaliza. Tumesema tusikie na kitabu. Kaka anasoma kitabu."

"Hicho si kitabu," Nelly alisema.

"Si chuo chenu kilichompa?" Marcel aliuliza.

Wote walimgeukia Nelly. Angeweza kusema kwamba ni mashine, kwamba yeye hakuandika, kwamba mashine haikujua. Alimtazama Mchungaji Theonest, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ndiyo, ni chuo chetu," Nelly alisema. "Na kimekosea."

"Kwa hiyo chuo kinadanganya watu?"

"Leo kimedanganya. Mimi ndiye mkaguzi, na nimechelewa."

Minong'ono ilipita zizini. Marcel alicheka bila furaha na kumpa ishara yule mwenye gunia. Kijana akaanza kufungua kamba.

"Yaya!" Abel alipaza sauti kwa Kisukuma. Hapana. Simu ilikuwa imemdondoka, hakuiokota. "Yaya, Marcel. Mimi pia nimezika. Nilimbeba binti yangu Tabu mwenyewe, homa ikamchukua mikononi mwangu njiani kwenda zahanati. Mama mdogo alikuwa anatembea nyuma yangu, amebeba maji." Alivuka uwanja na kuketi chini mlangoni, mbele ya yule mwanamke, mgongo ukiigusa miguu ya mama huyo. "Anayemtaka apitie hapa."

Kijana wa gunia alimtazama Marcel. Marcel alimtazama baba mkubwa. Ng'ombe mmoja alikohoa zizini, na muda wote huo Mchungaji Theonest, bila kuombwa, alikuwa akitembea. Alifika mlangoni, akaketi vumbini kando ya Abel, akiwa na suruali yake ya ofisini. Nelly naye akafuata.

Mzee Bujiku aliwatazama wale watatu waliokaa vumbini. "Aondoke basi," alisema mwishowe. "Aondoke leo, jua likiwa juu. Sitaki damu kwenye mji wa ndugu yangu, na sitaki kumwona."

Haikuwa haki, lakini hawakubishana nayo. Mbuke, maana ndilo lilikuwa jina lake, hakulia. Aliingia ndani, akatoka na khanga mbili na sufuria, akapakizwa kwenye pikipiki katikati ya Mchungaji na Nelly. Mgambo walikutana nao njiani, wakiwa ndiyo kwanza wanakwenda.

Wiki ile mashine ilizimwa. Ilipowashwa tena, wainjilisti waliambiwa wazi kwamba maswali yao yanasomwa kila siku, na kwamba linalogusa uhai wa mtu litajibiwa na mtu, kwa jina lake. Kumi na wawili waliacha kuuliza kabisa, kama Mchungaji alivyoogopa. Marcel alirudi Geita.

Mbuke anaishi katika chumba cha uani kwa Nelly. Daktari amempa dawa ya macho. Kila mara huuliza mahindi yake yamevunwa na nani.

Abel huja Jumapili kwa baiskeli kumtazama. Mkewe, mama wa Tabu, hajaja. Jumapili moja, Mbuke alipokuwa amelala, Nelly alimuuliza kwa nini alikubali yale mahubiri.

"Nilitaka iniambie hapana," Abel alisema. "Niliuliza mara tatu, Mwalimu. Ilinijibu vizuri mara zote tatu, lakini hapana haikusema."

"Wewe mwenyewe ulikuwa unaijua hiyo hapana."

"Niliijua." Alizungusha kikombe mikononi. "Lakini nilikuwa nimeshaanza kusoma. Msingefika, sijui kama ningeacha."

Nelly alimmiminia chai nyingine, wakakaa.