Sauti ya Olinga Kutoka Chumba ya Chuma

Hii boma yetu ya Kocholia, baba akiwa ameshakufa, kaka mkubwa ndiye anatoa neno ya mwisho ya mahari. Sio babu kama mimi. Mimi kazi yangu ni kukaribisha wageni na kuongea mingi, na hiyo naweza.

Sasa siku wageni wa mjukuu wangu Amoit walitoka Butula kuleta mahari, kaka yake mkubwa, Olinga, alikuwa baharini, mbali sana, kwa meli. Yeye huunganisha bomba za mafuta chini ya maji, mita mia moja na ishirini. Huko chini hewa yetu hii inalewesha mtu kama chang'aa, kwa hivyo wanachanganyiwa gesi ingine, ile nyepesi ya kujaza baluni. Na hawatoki jioni waende nyumbani. Wanalala kwa chumba ya chuma huko ndani ya meli, imeshindiliwa hiyo gesi, wiki tatu.

Tukampigia simu. Nikaweka sauti juu.

"Wazee, hamjambo?"

Mungu wangu! Sauti ya kifaranga! Ile gesi ndiyo inafanya hivyo.

Mzee Oduori, baba ya bwana harusi, akasimama. "Mimi nimeleta ng'ombe, nyinyi mnanipea bata? Atoke nje dakika moja, aseme kama mwanaume."

Na mimi, juu ya aibu, nikasema, "Olinga, si utoke kidogo tu?"

"Babu, kutoka ni siku tano. Wanapunguza presha polepole. Wakifungua mara moja, gesi iliyo kwa damu inatoa povu, nakufa. Lakini mkitaka, naambia mkubwa waanze leo. Kazi ipotee tu."

Nikashtuka. Mimi nimejaza upepo magurudumu ya lori Malaba miaka thelathini. Niliona moja ikipasuka, ikarusha mtu mpaka kwa paa. Na huyu mtoto analala ndani ya gurudumu, anasema ni kazi!

Amoit akaninyang'anya simu. "Kaa hapo hapo! Kama hawataki sauti yako, warudi na ng'ombe yao."

Mzee Oduori akaangalia huyo msichana, akaangalia simu, akakaa chini pole pole.

"Kijana, sema neno yako na hiyo sauti uko nayo."

"Nimekubali, baba."

Watu walicheka, Amoit naye mpaka akatoa machozi.

"Na huko ndani mnakunywa nini?" Oduori akauliza.

"Maji tu, mzee. Hata chakula haina ladha humu."

"Ai! Pole sana, mwanangu." Hiyo pole ilitoka ndani kabisa ya roho. Halafu akavuta karibu mrija wa ajono, pombe yetu ya wimbi.