Kijiko Kimoja cha Nyota

Usiku wa jana niliota nimeteuliwa Kiranja Mkuu wa Mbingu Zote. Kengele ya shule ilitangaza uteuzi huo yenyewe, kwa sauti nzito, kisha ikaongeza, "Kazi yake ni kusimamia foleni ya maharage."

Bwalo halikuwa na paa. Mbele ya foleni alikaa nyota mmoja, mwekundu, amevimba mpaka meza za walimu zimepotelea tumboni mwake. Bi Tumpale, mpishi wetu, akaninong'oneza, "Huyo anamaliza shule leo. Mheshimu."

Kwetu anayemaliza shule huwagawia wadogo vitu vyake: ndoo, godoro, hata kandambili moja isiyo na mwenzake. Nyota naye anaanza kugawa. Anajivua tabaka la kwanza, anajivua la pili. Kidato cha kwanza wanagombania ukungu wa kijani na wa waridi, wanajifunga shingoni kama skafu.

"Kaka, si utalipuka?" nikamuuliza.

"Wanaolipuka ni wale manyota wanene wenye fujo. Sisi wadogo tunaaga kwa adabu."

Alipokwisha kugawa alibaki mweupe, mdogo kama andazi, na mkali hata hatazamiki.

"Sasa unapika nini humo ndani?"

"Sipiki tena, mdogo wangu. Kuni zimekwisha. Nimebaki na joto la zamani tu, napoa polepole."

"Mpaka lini?"

"Ulimwengu wenyewe bado haujamwona aliyemaliza kupoa."

Hapo nikapata wazo. Shule yetu iko Makete, ambako maji ya kuoga asubuhi yana meno. Nikachomoa kijiko kwenye aproni ya Bi Tumpale.

"Nichote kidogo, kaka? Kijiko kimoja tu, cha kupashia maji ya kuogea."

"Chota. Lakini kijiko kimoja kina uzito wa lori pamoja na shehena yake."

"Mimi ni kijiko cha mboga tu," kijiko kikalalamika.

Nachota. Bwalo linageuka bweni. Naburuta kijiko kwa mikono miwili, jasho linanitoka.

"Usithubutu kukiweka juu yangu," kitanda kinaniambia.

Nikakitumbukiza kwenye ndoo yangu ya maji, nikaamka.

Nje umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Mwalimu Kyando, mlezi wa bweni, alisimama miguuni pa kitanda changu akiitazama ndoo. Ilikuwa inafuka mvuke.

"Tweve, hita iko wapi? Si tulipiga marufuku hita bwenini?"

"Sina hita, mwalimu."

"Tutaona." Akainama kuinua ndoo. Haikuinuka. Akaita viranja wawili. Haikuinuka. Chini yake sakafu ya saruji ilikuwa imeanza kupata ufa.

Mara sauti ya Bi Tumpale ikasikika mlangoni. "Nani kaniibia kijiko changu cha mboga?"

Bweni zima likanigeukia. Nikasimama wima, kama kiranja.

"Ni mimi, Bi Tumpale. Lakini sikukijaza."